Matanga ya La Panne

Benchi la kwa Alphonsine, muuza kahawa, liko ndani ya Galerie d'Ixelles, Brussels, kati ya saluni mbili za kusuka, na anayekaa hapo lazima akunje miguu kila mteja anapopita na mifuko yake ya nywele. Si mahali pa starehe hata kidogo. Pananuka mafuta ya kichwa, kahawa na makoti yaliyolowa, na mlango wa upande wa Chaussée d'Ixelles haufungiki vizuri, kwa hiyo Februari nzima wanaume wa pale huongea huku wamejikunyata. Lakini maneno hayajawahi kuwaishia. Yupo Tshibangu, wanamwita Avocat, wakili, ambaye hajasoma sheria hata ukurasa mmoja ila kila hoja yake huanza na "juridiquement", yaani kisheria. Yupo Philbert, Mtanzania wa Bukoba, wanamwita Bongo, anayeamini Kiswahili ni chake na wengine wote wamekiazima kwake tu. Na yupo Papa Donat, wanamwita Gouverneur, fundi mstaafu wa lifti kutoka Lubumbashi, mtu wa kola iliyopigwa pasi hata siku ya kwenda kununua mkate. Jumatatu ile alikuja na shati lililokunjamana. Alikaa, akapewa kahawa, akavitazama viatu vyake vyeusi vilivyokuwa bado na mchanga, na salamu hakutoa.

— Bon, Papa Donat, Alphonsine alianza, maana yeye ndiye aliyepika. Matanga ilipita bien? Beignets, ile mandazi, bilitosha?

— Beignets yako nililisha ndege ya bahari.

— Ndege?

— Ndege, maman. Bantu ba kula hapakuwa.

Wote walishtuka, kwa sababu habari ya matanga Gouverneur aliitangaza mwenyewe pale pale Alhamisi, machozi yakimlengalenga. Noé, mwanawe wa pekee, alikuwa amempigia simu akamwambia: "Papa, Jumamosi njoo La Panne, baharini. Kutakuwa na matanga. Inès na baba yake watakuwepo." Inès ni mchumba wake, binti wa Kiflemi, Mbelgiji wa lugha ya Kiholanzi. Miaka miwili Gouverneur alikuwa akilisubiri neno hilo. Mkewe, Mauwa, alipofariki, watu walikaa matanga katika ukumbi wa parokia, wakalala kwenye viti, wakaimba, wakacheza karata, mambo yote kama inavyotakiwa. Noé alikuja kanisani, akafika makaburini, akaondoka. Hakukaa hata usiku mmoja na watu wake. Tangu hapo baba na mwana wakawa wanasemeshana Noeli na Pasaka, na hata hapo ni maneno mawili matatu. Sasa mtoto wa namna hiyo anapokutajia matanga, tena pembeni ya bahari ambayo marehemu aliipenda, wewe ungefikiri nini? Alphonsine akawasha jiko. Avocat akatoa tai yake nyeusi. Benchi zima likasema mtoto amerudi nyumbani.

— Nilivaa noir, nyeusi tupu, Gouverneur alisema. Costume, chapeau ya kichwa, picha ya Mauwa mu mufuko ya hapa, karibu ya moyo. Nikapanda train ku Gare du Nord. Njia yote nilikuwa naimba kidogo kidogo wimbo ya bamama ba kanisa. Nafika kule: plage kubwa, mchanga tupu, maji imeenda mbali, na upepo! Upepo ya kukutosha meno mu kinywa. Namuona Noé, eko na casque, ile kofia nguvu.

— Casque ya moto, ya pikipiki? Avocat aliuliza. Alikuya na moto?

— Moto hapana. Casque tu. Inès naye casque. Baba ya Inès, casque. Na tugari fulani twa magurudumu tatu, chini chini, muntu analala ndani, na katikati muti murefu na bâche kubwa, turubai. Nauliza Inès ni nini. Anasema, char à voile.

Avocat aliweka kikombe chini.

— Char? Char ya vita, kifaru?

— Miye pia niliwaza vile! Kwetu char ikiingia mu muji, ujue mambo imeharibika. Bon. Kisha nikawaza: voile. Voile si ni ile kitambaa bajane banafunikaka ku uso? Donc ni char ya bajane. Nikasema, Donat, tulia, labda njo vile bazungu banaliaka bafu bao, bale balikufa. Usiharibie mutoto siku yake. Nikaingia ndani.

— Uliingia! Alphonsine alipiga makofi mara moja, akashika mdomo.

— Na chapeau yangu nilitosha, nikavaa casque. Na frein, breki, hakuna hata moja.

Hapo Gouverneur alikunywa kahawa, kwa sababu kuna mambo hakutaka kuyamwaga mbele ya Avocat. Alimkumbuka Noé akipiga magoti kwenye mchanga wenye maji, akimfunga mkanda kifuani, akiiweka miguu yake, kiatu kimoja kimoja, kwenye chuma cha kukatia kona. Akampa kamba mkononi. "Vuta, papa, upepo ushike. Ukitaka kusimama, achia tu kamba. Breki hakuna." Akavuta. Kile kigari kilitikisika, kikasita, halafu kikaondoka naye bila kunguruma, na alichosikia ni magurudumu yakipasua vidimbwi na kitambaa kikipigwapigwa juu ya kichwa chake. Mchanga ulimrukia usoni. Mwanzo aliogopa, jamani, aliogopa sana, na mguu ukawa unatafuta breki ambayo haikuwepo. Mzunguko wa pili gurudumu moja liliinuka, na hapo ndipo alipoliita jina la mkewe.

Aliliita kwa sauti yake yote. Miaka miwili alikuwa akilia ndani ya taulo, kwa sababu jirani wa ghorofa ya chini hugonga dari kwa ufagio. Kule ufukweni hakuna wa kugonga. Alimwambia Mauwa mtoto amekuja, ameweka matanga, ametuita. Aliimba wimbo wote, na beti alizozisahau akaziimba bila maneno, kamasi zinamtoka, hana mkono wa kujifuta. Hajawahi kumlilia vizuri vile, hata siku ya kuzika. Aliporudi mahali alipoanzia aliachia kamba kama alivyofundishwa, kigari kikasimama, naye akajisikia mwepesi na mwenye njaa.

— Nililia kidogo mule ndani, nikaita Mauwa, nikatoka, alisema. Nikatosha picha. Nikamuuliza Noé: bon, mutoto wangu, picha ya maman tunaweka wapi? Na prière, sala, itaanza saa ngapi, bantu bako wapi? Ananiangalia. Anaangalia picha. Kisha ananionyesha zile bâche: "Matanga, papa! Haya hapa ndiyo matanga! Les voiles!" Na anacheka.

— Hapana, Alphonsine alisema.

— Anacheka, maman. Picha ya mama yake mbele yake, naye anacheka, na Inès anamufuata kucheka.

— Yesu wangu. Na weye?

— Miye nilisema maneno ya baba. Nilimwambia, kuanzia leo miye sina mutoto. Siku nitakufa, usikuye ku matanga yangu.

Alphonsine alifanya ishara ya msalaba. Philbert alijifanya anafunga kamba za viatu.

— Na yeye alijibu nini?

— Alitosha casque. Akasema, "D'accord, papa." Ati sawa. Njo basi. Nikaenda kutafuta train.

Nadhani unajua benchi zilivyo. Mtu akileta jeraha, kila mmoja anataka kuingiza kidole. Na Gouverneur, kusema kweli, ndicho alichokuja kukitafuta: waseme amefanya vema, ili usiku apate usingizi, maana tangu Jumamosi alikuwa hajalala.

Alphonsine alitangulia.

— Ni ule binti. Bazazi bake hawataki ndoa. Balijua weye ni muntu wa kufiwa, bakapanga wakuone unalia mbele ya bantu, haya ikushike, ndoa ianguke.

— Attends, ngoja, Avocat alisema, akasogea ukingoni mwa benchi. Juridiquement. Kuna muntu alikufilma?

— Baba ya Inès alikuwa na téléphone mu mukono.

— Voilà! Muzee mweusi, costume noir, casque, analia ndani ya char, anaita bafu. Video ile inaenda ku commune, serikali ya mutaa. Commune inasema uyu muzee akili ilitoka, anahitaji tuteur, musimamizi wa mali yake. Tuteur atakuwa nani?

— Noé, Alphonsine alijibu kwa sauti ndogo.

— Noé! Appartement, pension, costume, byote!

— Avocat, seriously, acha, Philbert aliingilia. Hapa shida ni neno moja tu. Kwa Kiswahili sanifu, tanga ni kitambaa cha kushika upepo. Likiwa moja tanga, yakiwa mengi matanga. Kijana yuko very correct. Ninyi Wakongo mmebaki na matanga ya msiba peke yake, mengine mmeyatupa.

— Bongo, Gouverneur alimgeukia. Kwenu muntu akikufa, pale munakaa na kulia, munaita nini?

Philbert alikuna kidevu.

— Tunaita matanga.

— Donc!

— Lakini, look, inategemea context.

— Context gani? Avocat alifoka. Baba, muke yake alikufa, anaambiwa matanga. Context ingine unatafuta wapi, ku Bukoba? Juridiquement tunashitaki Tanzania!

Gouverneur alimpenda Avocat wakati ule kuliko ndugu wa damu. Na Avocat, akishapendwa, hakamatiki.

— Na bado. Mujiulize. Ile gari haina mafuta. Haina moteur. Juu ya nini bazungu banafundisha muzee wa Katanga kuendesha? Miye nitawaambia. Siku pension itakatwa, batatukusanya bote, tupangwe ku plage ya La Panne, kila muntu na char yake. Upepo ukitoka kaskazini, banaachilia. Moja kwa moja Lubumbashi, sans billet, bila tiketi! Bon vent, upepo mwema, papa!

— Kuna bahari katikati, Avocat, Philbert alisema.

— Hausikie alisema haina frein?

Benchi lilicheka. Gouverneur naye alicheka, kicheko cha puani, kichungu, lakini kilimpunguzia kitu. Kama ilikuwa njama ya Waflemi, ya commune, ya pension, basi yeye alikuwa mtu aliyedhulumiwa, na mtu aliyedhulumiwa halazimiki kumpigia yeyote simu.

— Usimupigie, Avocat alikata shauri. Akuye mwenyewe. Akuye na magoti.

— Na ule binti abakie inje, Alphonsine aliongeza.

— Sitamupigia, Gouverneur alisema. Hapana kabisa.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mwanamke mgeni, Kasoki, wa Butembo, nywele zimesukwa upande mmoja tu, upande wa pili zimesimama hewani. Msusi wake alikuwa ametoka kutafuta nywele za kumalizia. Alikuwa akinywa kahawa yake muda wote ule, na sasa akainua mkono kidogo, kwa adabu.

— Bapapa, munisamehe. Naweza kuuliza? Uyo Noé alizaliwa wapi?

— Hapa hapa Bruxelles, Gouverneur alijibu.

— Kiswahili mulimufundisha ku nyumba?

— Ku nyumba hapana! Gouverneur alikaa sawa, karibu kwa fahari. Ku nyumba yangu ni Français, Kifaransa tupu. Niliweka loi: muntu akisema Kiswahili ku meza, anaamuka bila kula. Nilitaka asome, apate kazi ya bureau. Na alipata. Mama yake njo alikuwa namusemesha tumaneno mu cuisine, ku jiko. Nikiingia, bananyamaza.

— Na ku kazi yake?

— Anglais, Kiingereza.

— Na Inès?

— Inès, Français na Flamand. Kiswahili atapata wapi?

Kasoki aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayejaribu tu kuelewa hadithi aliyoingia katikati.

— Basi papa, ile Kiswahili yote, alienda kujifunza juu ya kuongea na nani?

Philbert alitazama ndani ya kikombe chake. Alphonsine alikuwa na chupa ya kahawa mkononi, akasahau alitaka kummiminia nani.

Gouverneur alimsikia Noé kichwani. Karibu, papa. Umechoka na safari? Funga koti, kuna baridi. Vuta, upepo ushike. Alivyokuwa akisema polepole, macho ameyainua juu, analitafuta neno, analipata, halafu anamtazama baba yake usoni kuona kama limeeleweka. Na yeye baba aliona ni kawaida tu. Hakumwambia hata mara moja kwamba amesema vizuri. Akili yake yote ilikuwa kwa marehemu. Akaweka kikombe chini.

— Siku yote, alisema. Siku yote ananisemesha Kiswahili. Na miye namujibu na Français.

Aliutazama tena mchanga wa viatu vyake.

— Hata ile maneno ya mwisho. Nilimwambia na Français.

— Donc alielewa yote, Avocat alisema.