Jiwe Lililoingia Karasha

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Kahama: benchi moja la mbao, jiko la mkaa la Hosiana muuza kahawa, basi. Siku nyingine tunamaliza matatizo ya dunia kabla ya kikombe cha pili. Wiki hii hatutazamani. Jumapili, mama yangu akiwa misani, mimi Masalu, ambaye hapa wananiita Diwani kwa kupenda kuongea, nilibeba jiwe lake la kusagia nikalipeleka Kakola, kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ukilimwagia maji lilikuwa linametameta. Injinia, ambaye uinjinia hajausoma popote ila anashinda kwenye karasha, aliapa lina mali. Mwendokasi alilipakia kwenye bodaboda yake. Tulilisaga, tukaosha unga wake kwenye karai, tukapata tope. Sasa Jumamosi binti yangu Vumilia anaolewa, na ukoo wetu hautoi bi harusi bila unga wa mtama uliosagwa juu ya jiwe lile. Mama analitafuta tangu Jumatatu. Mimi namsaidia kutafuta.

Injinia: Tumwambie wamechukua Wajerumani.

Mwendokasi: Wajerumani gani mwaka huu?

Injinia: Wajukuu. Babu zao walipokimbia vita walifukia hela za dhahabu, wakaweka mawe ya kusagia juu yake kama alama. Sasa wajukuu wanazunguka na ramani, nyumba kwa nyumba.

Mimi: Yaani mzungu kaingia jikoni kwa mama, na kuku wakamnyamazia?

Mwendokasi: Bora tuseme watu wa makumbusho. Wamelipima, wamekuta lina miaka elfu tatu. Wameondoka nalo kwa heshima, limefungwa blanketi, kwenye gari lenye kiyoyozi.

Hosiana: Bila kumwachia hata karatasi?

Mwendokasi: Karatasi ataandika Injinia.

Injinia: Na muhuri ninao.

Hosiana: Huyo mama ameniuliza mara mbili kama nimeliona. Mimi ninayejua nimemwambia sijui. Mmeniingiza kwenye uongo wenu na kahawa yangu mnakunywa.

Hapo tukatazama chini. Miguuni petu kulikuwa na gunia, na ndani ya gunia kulikuwa na jiwe jingine. Siku hizi kuna duka mjini linauza vyombo vya zamani: vinu, vibuyu, mawe ya kusagia. Watu wanaojenga majumba wananunua wanapanga getini karibu na maua. Tulichanga tukanunua moja. Jioni mama akienda jumuiya nililenga kuliweka jikoni, nimwambie lilikuwa nyuma ya kuni. Mtu mzima mwenye binti wa kuoza, ndiyo mipango yangu hiyo.

Sasa mama mwenyewe akatokea kona ya stendi, mfuko wa mtama kichwani.

— Shikamoo mama, wakasema wote kwa pamoja, haraka mno.

— Marahaba wanangu. Jamani, mtama nimepata. Jiwe ndiyo bado.

Mwendokasi, ulimi wake una kasi kuliko pikipiki yake, akafungua gunia.

— Mama, tumekutafutia tumelipata.

Mama akatua mfuko. Hakuangalia jiwe kwanza, alituangalia sisi. Akatushukuru mmoja mmoja, kwa majina yetu ya ubatizo, akasema Vumilia ana bahati kuwa na baba mwenye marafiki kama hawa. Nilitamani ardhi ipasuke. Halafu akapiga magoti na kuweka viganja juu ya jiwe, akavipeleka mbele, akavirudisha nyuma.

— Hili siyo.

— Ndiyo lenyewe mama, labda vumbi, akasema Injinia.

— Langu limechimbika katikati. Hili limeliwa upande wa kushoto. Aliyekuwa anasagia hapa bega la kulia lilikuwa linamuuma.

Akapitisha kiganja tena, polepole.

— Ni la mama wa nani hili?

Injinia aliyekuwa na Wajerumani wote wale akatazama ndani ya kikombe. Mwendokasi akaanza kutafuta funguo ambazo zilikuwa mkononi mwake. Hosiana aliinamisha birika, likatoa matone mawili, na hakuna aliyelalamika.

— Nauliza, mwenyewe yuko wapi? Naye si analitafuta?

Akainua uso kwangu.

— Masalu, siku tatu unazunguka na mimi kutafuta. Jiwe la mama yako hulijui?

— Nalijua mama. Lako nililisaga. Nililipeleka karasha Jumapili, ukiwa kanisani. Nilidhani lina dhahabu.

Hakunipigia kelele, na ningependa anipigie. Alibaki amepiga magoti, viganja juu ya jiwe la mwanamke asiyemjua.

— Mkapata, ng'wanone, mwanangu?

Huku kwetu mtu akitoka mgodini ndilo swali la kwanza anaulizwa, hata kabla ya maji ya kunawa, na hata aliyekosa hujibu. Tulikuwa watatu kwenye benchi lile. Mama alisubiri, kisha akajitwisha mtama wake akaenda.