Sostenes Rwekaza na Gari Lililoandika "Hakuna Kizuizi"

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Bwana Sostenes Rwekaza, dereva mkuu wa kituo chetu cha Kasulo, anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Ameendesha magari kumi na moja ya Shirika la Tuwafikie, saba kati ya hayo yameshauzwa kama chuma chakavu, na hajawahi kumgonga mtu. Kuna mbuzi mmoja, mwaka 2003, ambaye huwa anamkiri mwenyewe kabla hujamuuliza.

Anayeandika wasifu huu, na kuusoma mbele yenu, ni Tecla Ntamukunzi, ofisa usafirishaji, yaani bosi wake kwenye karatasi. Kamati ya sherehe imenipa kazi hii ikidai kwamba ninamfahamu kuliko wote. Wamesahau, au wamejifanya kusahau, kwamba ni mimi niliyemwondoa kwenye usukani Novemba iliyopita. Nitalifikia hilo, na sitaliruka.

Mzee Sostenes alianza mwaka 1994, akiwa na miaka ishirini na tisa, kwenye lori la maji katika kambi ya Lukole, hapa Ngara. Wakimbizi walikuwa wengi, maji kidogo, na barabara pana za kambi zilikuwa zimechongwa juzi tu. Kambi ilipofungwa akahamia kwenye chanjo na sampuli za damu: Rulenge, Kasulo, Lusahunga, Biharamulo, na kurudi. Amepita pori la Biharamulo enzi za majambazi na misafara ya kusindikizwa na polisi, na wenzake wa wakati huo wanasema yeye ndiye aliyekuwa akiwatolea vichekesho ili wasitetemeke. Vichekesho vyenyewe tumevisikia. Havichekeshi, jamani, lakini anavicheka mwenyewe mpaka na wewe unacheka.

Mwaka 2022 wafadhili walituletea magari mawili ya umeme, moja jeupe na moja la kijivu, yaliyotumika ughaibuni na kutengenezwa mwaka 2018. Tuliyachaji kwa sola. Yalikuwa na mfumo wa kumsaidia dereva: kamera kwenye kioo cha mbele na rada nyuma ya bampa, vikishirikiana kutazama njia, na hatari ikitokea gari linafunga breki lenyewe. Ukiliwasha linalia kengele ndogo ya kukukaribisha. Mzee Sostenes alikuwa akiijibu kengele ile kila asubuhi: "Marahaba." Alisema gari ni dogo kwake, kwa hiyo salamu anastahili.

Tulidhani mtu wa malori angeyaogopa magari hayo. Wapi! Alinunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akawa anaandika kila safari: wapi gari limefunga breki lenyewe, wapi limeshtuka bure, wapi halikuona. Apdeti ya kwanza, yaani toleo jipya la programu ya gari, ilipokuja mwaka 2023, daftari lilionesha faida. Kabla yake gari lilikuwa linawaona ng'ombe wa wafugaji wa Biharamulo wakati pembe ziko puani. Baada yake likawa linawaona kutoka mbali na kupunguza mwendo taratibu, kama mtu mwenye adabu. Mzee alifurahi, nasi tukajifunza somo baya: kwamba kila apdeti ni neema.

Ya pili ilikuja Oktoba 2024. Ilikuwa na maelezo ya kurasa kumi na nne, na mahali fulani katikati paliandikwa kwamba kuanzia sasa gari litategemea kamera peke yake, rada itazimwa. Kwa magari mapya yenye kamera kali hilo halikuwa tatizo. Kwa kamera ya mwaka 2018 ni jambo jingine kabisa. Mimi sikusoma. Nilibonyeza "Kubali" kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai. Gari jeupe likapokea. La kijivu halikupokea, kwa kuwa lilikuwa gereji likisubiri soketi ya kuchajia.

Tarehe 12 Novemba, asubuhi, Mzee Sostenes akiwa na gari jeupe kwenye mteremko wa kwenda Lusahunga, alikanyaga breki kwa nguvu zote. Kasha la chanjo likapinduka, na zaidi ya nusu ya chupa zikavunjika. Kule Biharamulo akina mama waliokuwa wamepanga foleni tangu alfajiri wakarudi nyumbani na watoto wao bila chanjo. Nilipigiwa simu nne, na hakuna hata moja iliyokuwa ya salamu.

Nikachomoa taarifa kwenye kompyuta ya gari. Iliandika: dereva amefunga breki ghafla, mbele hakuna kizuizi. Mzee akasema kulikuwa na mtu. Akasema mtu huyo alikuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kila upande, akaingia barabarani kutoka kwenye njia ya shambani. Alishuka, akamsaidia kuinua mzigo, akaondoka mbio kwa sababu ya chanjo. Nikamuuliza jina la mtu huyo. Hakulijua. Kwa hiyo nilikuwa na mzee wa miaka hamsini na tisa kwa upande mmoja, na mashine isiyozeeka kwa upande wa pili. Niliamini mashine.

Barua niliiandika kwa dakika kumi. Ilisema kwamba kutokana na umri atapumzishwa kuendesha, na atasaidia stoo hadi atakapostaafu. Mtu ambaye jina lake lote lilikuwa usukani! Aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Nilingoja lawama. Alisema tu, "Sawa, mama. Ila gari hilo jeupe msimpe Priscila."

Priscila ni dereva wetu mwenye miaka ishirini na sita, mwanafunzi wake wa barabara. Nami, Mungu anisamehe, nikadhani ni wivu wa mtu anayepokonywa. Siku iliyofuata nikampa Priscila gari jeupe.

Kwa wiki tano Mzee alihesabu maboksi ya glavu. Lakini kila asubuhi, kabla Priscila hajaondoka, alisimama dirishani mwa gari na kumwambia maneno yale yale: usiliamini, mguu wako uwe juu ya breki, ukiona kijani kinatembea jua ni mtu. Priscila anasema mwanzoni alimwonea huruma, akidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa. Alimtii tu kwa heshima. Leo anashukuru kwamba alilelewa vizuri.

Katikati ya Desemba gari la kijivu lilirudi kutoka gereji, likiwa bado na programu ya zamani. Siku hiyo hiyo Mzee alibisha hodi ofisini kwangu. Hakuja kuomba usukani wake. Aliomba asubuhi moja, magari yote mawili, na mikungu minane ya ndizi. "Kuuliza si ujinga, mama," alisema. "Mimi hamniamini, haya, tuyaulize magari yenyewe."

Tukaenda Lukole. Barabara za kambi bado zipo, pana na tupu. Mzee alifunga mikungu kwenye baiskeli mbovu, kila upande, akaisimamisha kwa nguzo, na nyuma yake akatundika koti lake kuukuu kwenye miti miwili. Ukiitazama kutoka mbali ulikuwa huoni baiskeli wala mtu, unaona majani na ndizi. Ndivyo wanavyoonekana wasukuma ndizi wote wa Ngara, nasi tumewazoea kiasi kwamba macho yetu yanajazia mtu tusiyemwona.

Priscila alianza na gari la kijivu, mwendo wa arobaini, bila kugusa breki. Rada ikalia, gari likajifunga, likasimama mita mbili kabla. Akarudia mara tatu, likasimama mara tatu. Mimi nikasema ni bahati. Nikapanda gari jeupe, kiti cha mbele, ili nishuhudie mwenyewe.

Gari jeupe halikulia. Halikupunguza hata kidogo. Lilikwenda moja kwa moja kama vile njia ni nyeupe, likaisomba baiskeli, ndizi zikaruka juu ya boneti, na lile koti likaja kunata kwenye kioo mbele ya uso wangu, mikono imetanuka. Nilipiga ukelele ambao Priscila anauigiza hadi leo kila akinywa soda. Kisha nikalia, na sikulia kwa ajili ya ndizi. Wiki tano binti huyu alikuwa akiendesha gari hilo kati ya watu, kwa amri yangu. Kama si mzee yule wa dirishani, leo tungekuwa tunaandika mambo mengine.

Mtu mwingine angesema, "Si niliwaambia?" Mzee Sostenes aliokota ndizi zilizopona, akachukua daftari, akaandika: Kijivu, limeona. Jeupe, halikuona. Halafu akanipa leso. Nilipoanza kulilaani gari alinizuia. Alisema halina kosa, limefundishwa na watu wasiojua ndizi, na mtu asiyejua huelekezwa.

Akawaelekeza. Nilifuta barua yangu siku ile ile, yeye akarudi kwenye usukani, na mkurugenzi wetu, Dk. Irine, akatuma video ya jaribio lile na kurasa za daftari kiwandani. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba magari ya umri huo hayafanyiwi tena majaribio. Dk. Irine si mtu wa kujibiwa hivyo, akatuma tena, na tena. Baada ya wiki saba mhandisi mmoja wa huko akapiga simu mwenyewe. Mzee alizungumza naye saa mbili nzima, Dk. Irine akitafsiri. Alimweleza baiskeli ya ndizi, baiskeli ya mkaa, baiskeli yenye godoro, na ile yenye nguruwe hai, ambayo mhandisi aliomba aelezwe tena polepole.

Machi mwaka huu toleo la marekebisho likaja, likiwa limetengenezwa kwa ajili ya magari ya zamani peke yake, rada ikiwa imewashwa tena. Mzee alilipeleka Lukole, akalipima mara ishirini. Gari jeupe lilisimama mara ishirini. Tumeambiwa kwamba toleo hilo limekwenda kwa kila gari la umri huo popote lilipo. Hivyo leo katika nchi ambazo Mzee hatazifikia kamwe, kuna watu wanapishana na magari salama kwa sababu ya daftari la Kasulo.

Nasi tumepata utaratibu. Apdeti yoyote inaingia gari moja kwanza, inakwenda Lukole na baiskeli ya ndizi, ndipo tunaamua. Msimamizi wa mtihani huo sasa ni Priscila. Mimi ninasoma kurasa zote, bila chai.

Limebaki moja. Wiki mbili zilizopita mtu alifika getini na baiskeli, akimtafuta mzee wa gari lisilo na mlio. Anaitwa Malongo, amehamia Biharamulo kutoka Shinyanga, hununua ndizi Ngara na kuziuza Lusahunga. Alisema Novemba alikaribia kufa mteremkoni, dereva akamwinulia mzigo, naye kwa mshtuko hata ahsante hakusema. Tangu hapo amekuwa akiuliza kila gereji. Mzee aliposhuka garini walitazamana, Malongo akainama akasema shikamoo, na Mzee safari hii, badala ya marahaba, alinyoosha mkono. Alimshika bega. Mimi nilisimama pembeni, mkononi nina faili lenye ile taarifa ya kompyuta, na kizuizi ambacho hakikuwepo kilikuwa kinafuta jasho mbele yangu.

Mzee Sostenes, mbele ya watu wote hawa ninasema: nilikukosea, nisamehe. Ahsante kwa miaka thelathini na mmoja. Nenda nyumbani Rulenge kwa mkeo, Mama Deodata, na kahawa yenu, ulale mpaka jua litoke, na siku zako zote ziwe njema na ndefu. Na ninyi wageni wetu, yule bwana mwenye shati la bluu meza ya mbele ndiye Malongo. Amekuja na mke wake na watoto wanne. Kabla hamjaenda kwenye chakula, piteni mumpe mkono.