Koti Linalonukia

Haya kanihadithia binti yangu jana jioni, akivua viatu. Kwenye basi alikaa nyuma ya mlinzi aliyelowa chapachapa, na koti la mvua kalivaa. Mama mmoja fundi cherehani, aliyekaa kiti kimoja na mlinzi, akalinusa koti.

"Kaka, linanukia kama bi harusi. Nani anafua?"

"Mke wangu. Anatia dawa ya kulainisha nguo, kifuniko kizima."

"Ndiyo inayokulowesha hiyo, inaliondolea koti nguvu ya kuzuia maji. Mwambie atumie sabuni ya maji kidogo, asuuze sana, likikauka alitandikie kitambaa na kupitisha pasi ya uvuguvugu, litazuia maji tena."

Mlinzi akakohoa. "Dada, tangu tugombane hanisemeshi, ila koti ananifulia. Nikimkosoa na hapo, nabaki na nini?"

Mlinzi akavuta kola mbichi mpaka puani, akasinzia.