Picha ya Getini

EARLINE: Haloo? Nani mwenzangu?

TROYLYNN: Mimi, Mama. Troylynn. Nimeazima simu ya mwenzangu, yangu imeisha salio. Shikamoo.

EARLINE: Marahaba, mwanangu. Asante Yesu. Houston kwema?

TROYLYNN: Joto tu. Tuko mapumziko, mashine za kufulia zimezimwa dakika kumi. Mama, picha nimeiona!

EARLINE: Eh.

TROYLYNN: Daijah wangu getini! Shati la kijani, limenyooshwa pasi utadhani bibi harusi! Nimewaonyesha wote hapa, hata msimamizi, yule asiyecheka. Nikamwambia, unaliona geti hilo? Marehemu baba yangu ndiye aliyelipaka rangi.

EARLINE: Mara mbili. Kabla ya mafuriko, na baada.

TROYLYNN: Na korido kazifagia miaka ishirini na sita. Leo mjukuu wake kaingia kwa mlango wa— hiyo kengele ni ya shule?

EARLINE: Si hapo ng'ambo ya barabara tu.

TROYLYNN: (anacheka) Naisikia mpaka huku! Mwalimu wake nani?

EARLINE: Umekula wewe?

TROYLYNN: Nimeuliza mwalimu, Mama.

EARLINE: Leo Jumatatu, nimeinjika maharagwe mekundu kama desturi. Nimeweka na mfupa wa nyama, kama unavyo—

TROYLYNN: Nani anakohoa hapo?

EARLINE: Watu wanapita.

TROYLYNN: Wanapita jikoni kwako?

(simu inakwaruza)

TROYLYNN: Mama. Daijah yuko nyumbani?

EARLINE: Yuko.

TROYLYNN: Anaumwa? Wamemrudisha? Viatu si vya sare?

EARLINE: Hawakumrudisha. Hakuingia.

TROYLYNN: Hakuingia vipi na picha ni—

EARLINE: Kura ya nafasi za shule haikumtoa, Troylynn. Yuko kwenye orodha ya kungoja. Mtu wa mia mbili na kumi na nne.

TROYLYNN: Tangu lini?

EARLINE: Aprili.

TROYLYNN: Aprili! Kila Jumapili nakupigia, nakuuliza—

EARLINE: Na kila Jumapili nakujibu yuko mikononi mwa Mungu. Sikusema uongo.

TROYLYNN: Usinizingue, Mama! Kapangiwa wapi?

EARLINE: Mashariki kule, nyuma ya kiwanda cha mafuta. Wao wanaanza Jumatatu ijayo, si unajua shule siku hizi zinaendeshwa na kampuni, kila moja na kalenda yake. Basi linapita saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri.

TROYLYNN: Kule... ile si ndiyo inafungwa?

EARLINE: Juni. Alama zao mbaya, kampuni inanyang'anywa shule.

TROYLYNN: Halafu?

EARLINE: Kura tena. Itakuwa shule yake ya nne.

TROYLYNN: Ana miaka kumi!

EARLINE: Najua miaka yake. Mimi ndiye ninayemsuka.

TROYLYNN: Subiri kwanza. Fomu ilikuwa na nafasi za shule nane. Nilikwambia ujaze zote, kama hii imekataa, iko ya pili, ya tatu. Uliandika ngapi?

EARLINE: Tulifunga siku saba. Kanisa zima, hata Mama Mchungaji na sukari yake.

TROYLYNN: Ngapi, Mama?

EARLINE: Moja.

TROYLYNN: Ee Bwana.

EARLINE: Ningeandika ya pili ningekuwa namwambia Mungu nina wasiwasi naye. Shati nililinunua Machi, kabla ya kura. Kwa imani.

TROYLYNN: Mungu hasomi zile fomu! Inasoma kompyuta!

EARLINE: Usinipigie kelele.

TROYLYNN: Hatua arobaini kutoka verandani kwako! Mtu na akili zake—

EARLINE: Velma wa pale kona aliandika nane. Zote nane, kwa wino. Wa kwake kapelekwa shule hiyo hiyo ya nyuma ya kiwanda.

TROYLYNN: Sasa pale wanaingia nani?

EARLINE: Wenye ndugu ndani. Watoto wa walimu. Asubuhi magari yanajipanga mpaka kanisani, sura sizijui hata moja.

TROYLYNN: Nakuja kumchukua.

EARLINE: Umlaze wapi? Chumba kimoja mko watu watatu.

TROYLYNN: Na picha?

EARLINE: Aliitaka mwenyewe. Mlinzi kampa dakika moja kabla magari hayajaja. Kaniambia, Bibi, mwache mama afurahi japo wiki hii.

TROYLYNN: Mpe simu.

EARLINE: Daijah! Njoo, mama yako... Anatikisa kichwa.

TROYLYNN: Anafanya nini?

EARLINE: Yuko dirishani. Shati bado analo.

TROYLYNN: Mwambie avue, Mama. Tafadhali.

EARLINE: Nimemwambia tangu asubuhi. Anasema atavua ikilia kengele ya kutoka.

TROYLYNN: Mashine zimewashwa, lazima niru— naam, bosi? Nakuja! Mama, msimamizi huyo. Anaitaka tena ile picha, amwonyeshe mkewe.

EARLINE: Mwonyeshe.

TROYLYNN: Nimwambie nini?

EARLINE: Usiseme kitu. Mwonyeshe tu.

TROYLYNN: Mama—

EARLINE: Haloo? Troylynn?... Daijah, ondoka dirishani hapo, mwanangu. Njoo ule.