Mama Ngoja na Kirungu Kilicholegea

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze moto. Leo tunamkumbuka mhariri wa filamu tuliyemzika juzi, akiwa na miaka sabini na mmoja. Kazini walimwita Mama Ngoja. Ukimharakisha, alikujibu neno moja tu: "Ngoja." Nanyi mnaolea watoto, tegeni sikio, maana habari hii ni yenu.

Mama Ngoja alikata na kuunga filamu miaka thelathini na minne, kwenye meza moja. Meza ya chuma, ya kijivu, yenye sahani za kuzungusha filamu na kioo kidogo cha kutazamia. Mbele yake kuna kirungu, kishikio cha kuiendeshea mashine. Ukikisukuma kulia, filamu inakwenda mbele. Kushoto, inarudi. Katikati, inasimama. Shikeni hapo: katikati, inasimama.

Kuna mwaka, ukuta wa darasa la mjukuu wake uliingia ufa. Wazazi walipolalamika, mwenye shule aliwacheka. "Ufa huo ulikuwepo tangu siku ya kwanza, wala haujasogea. Watu wazima mnaogopa mstari!"

Mama Ngoja akasimama mbele ya watu. "Mstari gani huo, baba, unaomeza mkono wangu mpaka kwenye saa?"

Tena alikuwa na ushahidi. Siku jengo lilipofunguliwa, mwaka mmoja nyuma, ofisi ya kina Mama Ngoja ndiyo iliyopiga filamu. Ukuta ule ulionekana humo mzima, hauna hata mkwaruzo, lakini kwa kufumba na kufumbua tu. Nakala ilikuwa moja. Moja tu, wasikilizaji. Mkaguzi wa majengo alikubali kuja kuitazama Ijumaa, saa nne asubuhi. Asiporidhika, watoto arobaini wanarudi darasani Jumatatu, chini ya ukuta ule ule.

Binti yake anakumbuka: "Nilimwambia, mama, mwanangu simpeleki, basi yaishe. Akanikata jicho. 'Wako utamficha nyumbani. Na wa mwenzio je?'"

Ijumaa ikafika. Kirungu kimelegea! Kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Unakirudisha katikati, filamu inaendelea, picha ya ukuta inakupita.

Akaja fundi wa umeme, waliyemwita Bisibisi. Akaikaza skrubu ya kirungu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Tayari! Hata mje na trekta, hakichezi tena."

Mkurugenzi wa ofisi akaangalia saa. "Haya, weka filamu. Mgeni yuko kwenye ngazi."

"Ngoja."

"Mama, nakuamuru!"

"Amuru, mwanangu, mdomo ni wako. Filamu hii iko mapajani kwangu." Kweli alikuwa amelipakata gurudumu la filamu kama kichanga. "Tunaanza na filamu ya taka, ile ya kutupwa."

Ikawekwa filamu ya taka. Kirungu kiko katikati, hakuna aliyekigusa. Bisibisi akawasha umeme. Looo! Sahani zikatoka mbio, filamu ikavutwa, ikakatika vipande vitatu, na kimoja kikamchapa mkurugenzi kwenye tai.

Kosa lilikuwa wapi? Ndani ya kirungu kuna kijiti cha chuma, na hicho ndicho kinachoamrisha mashine. Bisibisi alikaza kirungu kabla ya kukirudisha kijiti katikati. Juu kirungu kinasema simama, chini kijiti kinasema nenda. Kukaza kulikuwa kuzuri. Pahali palikuwa pabaya.

Mama Ngoja akachomoa plagi ukutani kwanza. Wazazi, mmesikia? Plagi kwanza. Akakitoa kirungu. Akakigeuza kijiti kwa ncha za vidole, polepole, amefumba macho, mpaka akakihisi kimetumbukia mahali pake. Ndipo akakirudisha kirungu, akakaza. Akajaribu filamu ya taka mara moja. Akajaribu mara ya pili.

"Umenitia aibu," mkurugenzi akanong'ona. Mkaguzi alikwisha kufika, amesimama mlangoni.

"Aibu yako itaisha kabla ya jioni. Mtoto akiangukiwa na ukuta, haiishi."

Sasa ikaingia filamu yenyewe. Ukuta ukaja. Mama Ngoja akarudisha kirungu katikati, picha ikaganda papo hapo. Mkaguzi akavaa miwani, akaweka kando ya kioo picha ya ufa aliyoipiga jana yake. Akatazama huku, akatazama kule. "Jengoni mle haingii mtoto," akasema.

Ukuta ule ulibomolewa kwa nyundo, mchana kweupe, darasa likiwa tupu.

Mkurugenzi alimwandikia mama barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu. Binti yake anacheka hadi leo: "Aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni. Wageni wakidhani ni cheti!"

Na mdogo wake Mama Ngoja ametuambia hivi: "Msimwite jasiri. Dada alikuwa mwoga kuliko sisi sote, gari likipiga honi anaruka. Ila alikataa kuambiwa kwamba woga wake ni ujinga."

Kwa binti, kwa mdogo wake, na kwa mjukuu aliyekua akawa baba: poleni sana. Msiba wenu tumeubeba pamoja.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kesho ukimpeleka mtoto shule, usiishie getini. Ingia. Gusa ukuta, tikisa dawati, tazama nyaya za darini. Ukiona kibaya, sema siku hiyo hiyo, kwa sauti. Wakikuita mkorofi, itika.