Vikombe Viwili vya Muzee Hubert

Kisha miaka makumi tatu ya kazi mu labo ya kituo chetu cha afya hapa Bunia, Muzee Hubert anaenda kupumzika tarehe 30 mwezi wa sita. Mimi ni Mama Jemima, ninasafisha labo. Wakubwa wa kituo waliniomba niandike juu yake, kwa sababu kila asubui ni siye wawili tunafungua mulango.

Alijifunza kazi Nyankunde. Alipofika hapa, labo ilikuwa chumba kimoja, na mikroskopi ilingojea mwangaza wa jua ku dirisha.

Mutoto akiletwa na maumivu ya mifupa, damu inapunguka kila mara, Muzee hakupima mutoto peke. Aliita baba na mama. Kama wote wawili wanabeba drepano, ugonjwa wa damu wenye mutoto anarizi kwa wazazi, bila kuugua, aliwapatia vikombe viwili, kila kimoja na haragi nyekundu na haragi nyeupe. Kila muzazi anafunga macho, anatosha haragi moja mu kikombe chake: ndiyo anapatia mutoto. Nyekundu mbili, mutoto ni muzima. Nyeupe mbili, mutoto ana drepano, na mwili wake unashindwa kupigana na magonjwa mengine. Nyeupe moja, haugui, tena malaria kali haimuangushe mbio. Ndiyo maana hiyo damu ilibakia kwetu tangu mababu.

Siku moja panya zilikula maharagi, akaleta karanga, zenye maganda na zilizomenywa. Baba mumoja akazikula zote mbele maelezo yaishe!

Mutoto wangu Jemima alipopatikana na drepano, mama-mukwe wangu Angélique aliingia labo na kelele: "Hii ugonjwa ilitoka Marabo, kwa jamaa ya huyu muke!" Nguo zangu zilikuwa zimefungwa tayari, nirudishwe kwetu.

"Mama, tupime mutoto wako Prince naye," Muzee akajibu.

Bwana yangu Prince naye alikuwa anabeba drepano, sawa na mimi. Muzee akamupatia Angélique vikombe. Akatosha nyekundu mbili. Akarudilia: nyeupe mbili. Akarudisha haragi mu vikombe.

"Kumbe hakuna mwenye kuchagua," akasema.

Nyumbani, ni yeye mwenyewe alifungua mufuko wa nguo zangu.

Leo Jemima anasoma, na niko na mimba ingine. Mutoto atazaliwa mwezi wa munane. Hatujue haragi gani zimetoka. Muzee aliniambia, "Munitumie moto tu, pikipiki ya kunibeba, nitakuja kupima." Angélique naye anasema atakuwa pale, tutasikia jibu pamoja.

Aksanti, Muzee wetu. Mungu akulinde, wewe na muke wako Mama Micheline, na shamba yenu. Vikombe viko mezani, tunaviosha. Sasa ulale mpaka jua ipande; mulango tutafungua siye.