Mama Vijidudu na Sampuli ya Tatu

Dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vijidudu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa dereva wa lori na mama mfua nguo. Mama alifulia mtoni, chini ya kiwanda cha ngozi, na maji yale yalimchubua mikono hata akashindwa kushika sindano. Dada aliyaona hayo akiwa na miaka saba, na tangu hapo hakutulia.

Shuleni walimu walilalamika kwamba hakai kitako. Hata hivyo alifaulu, akasomea viumbe vidogo chuo kikuu, na mwaka 1994 akaajiriwa katika maabara ya maji. Huko alibadili vinasaba vya bakteria ili waondoe ukali wa kromu, ile sumu ya kiwandani, wakisaidiwa na unga wa chuma uliosagwa laini kuliko vumbi.

Tarehe 6 Septemba 1997 aliolewa na fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la maabara. Kabla keki haijakatwa, bibi harusi akainuka.

"Unakwenda wapi tena?" mumewe akauliza.

"Kuangalia kabati la joto. Bakteria hawajui kama leo nimeolewa."

"Haya, ngoja nivae viatu."

Wageni tulikula bila wao.

Mwaka 2019 aliharakisha, akazidisha unga wa chuma kwenye bwawa la majaribio. Ukaua bakteria wake mwenyewe, na samaki wa majirani pia. Hakumsingizia mtu. Alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Ni mimi. Nimekosea vipimo." Wengine walimfungia mlango. Sisi ndugu zake tulimwonea aibu, na leo tunajuta.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Wakati huo mto, ambao yeye na wenzake walikuwa wakiusafisha kwa bakteria hao, ulikuwa umefungwa, usiguswe mpaka sampuli tatu mfululizo za maji zitoke safi. Mwaka huu mbili zilipita. Hospitalini hakuuliza habari za dawa, aliuliza tu, "Ya tatu je?" Alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, kabla ya jibu.

Jibu lilitoka jana. Sampuli haikupita. Tulitamani kuwaficha, ila yeye asingetusamehe. Mama alipoambiwa alifuta machozi, akasema, "Warudie." Wenzake wanarudi mtoni Jumatatu.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, wadogo zake wawili, na chupa arobaini za bakteria wanaotakiwa kulishwa leo jioni.

Dada, pumzika salama. Tunajua hujazoea.